Shule, skuli na nafasi ya Wagiriki

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimezaliwa na kukulia Tanga, nimeolewa Unguja. Mimi nasema shule, wanangu wanasema skuli, na mama mkwe wangu bado anasema mtoto yuko chuoni akimaanisha anakosoma Qurani. Juzi binti yangu wa kidato cha pili alinionyesha ujumbe unaosambazwa kwenye simu: eti neno la Kiingereza school maana yake halisi ni kundi la samaki, na lilichaguliwa makusudi ili watoto wafundishwe kufuatana bila kufikiri. Akaniuliza kama ni kweli, nikakosa la kumjibu. Naomba utufafanulie. Neno hili limetoka wapi hasa? Shule na skuli ni neno moja au mawili? Na ninyi wataalamu mnayajuaje mambo ya kale namna hiyo?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na samaki, maana yeye ndiye aliyezua mjadala nyumbani kwako.

Ujumbe ule si wa kweli. Kiingereza kina school mbili. Zinaandikwa sawa na kutamkwa sawa, lakini hazikuzaliwa nyumba moja. Ile ya samaki ilichukuliwa kutoka Kiholanzi cha zamani, ambamo schole ilikuwa kundi au kikosi. Ile ya darasani ilitoka Kigiriki kwa njia ya Kilatini. Sisi wenyewe tuna kaa la moto, kaa wa pwani na kukaa kitako, na hakuna anayedai kwamba kaa wa pwani aliitwa hivyo kwa sababu anaungua au kwa sababu ameketi. Maneno mawili yakifanana sura, jambo la kwanza ni kuuliza kila moja limepita wapi. Aliyeandika ujumbe ule hakuuliza. Alikuwa na hasira na shule, na pengine ana haki ya kuwa na hasira, lakini hasira haimpi mtu historia ya neno.

Sasa lako. Shule na skuli ni neno moja lililofika kwetu kwa njia mbili, moja ya Mjerumani na moja ya Mwingereza. Bibi yao ni neno la Kigiriki, skholē, na maana yake ya mwanzo haikuwa jengo, wala mwalimu, wala kengele. Ilikuwa nafasi. Nafasi kama tunavyosema "leo sina nafasi, njoo kesho": muda usiodaiwa na kazi.

Najua inashangaza. Watoto wanaoamka alfajiri kuwahi namba wakiambiwa kwamba neno shule kwa asili ni muda wa mapumziko hawataamini. Ndiyo maana nataka nikuonyeshe ushahidi badala ya kukutaka uniamini tu, na nitaanzia kwako nyumbani, pwani.

Umekulia Tanga, bila shaka umewahi kukutana na Wamvita, watu wa Mombasa. Sisi tunasema njia, wao wanasema ndia. Sisi njaa, wao ndaa. Sisi njoo, wao ndoo. Halafu sikiliza upande wa pili: mchele kwao ni mtele, mchanga ni mtanga, kucheka ni kuteka. Hayo hayatokei kwa bahati, neno hili ndiyo na lile hapana. Kuna mpangilio: penye nj kwetu pana nd kwao, penye ch kwetu pana t kwao. Mpangilio wa namna hiyo ndio tunaouita kanuni ya sauti, na ndiyo nyundo na patasi ya kazi yetu. Sauti za lugha hubadilika kwa jumla, kama maji ya bahari yanavyokupwa ufuo mzima kwa wakati mmoja.

Sasa angalia chai. Mombasa chai haijawa tai. Kwa nini? Kwa sababu neno lenyewe lilikuja na majani yake kutoka ng'ambo, baada ya mabadiliko yale kwisha kupita. Kwa hiyo neno linaloasi kanuni nalo linatuambia kitu: mara nyingi ni mgeni, na aghalabu tunaweza hata kukisia alifika kabla au baada ya nini. Shika jambo hili la chai, maana tutalihitaji Uingereza.

Kiingereza cha kale kilikuwa na sauti sk ambayo ililainika ikawa sh. Ship, fish, shirt, zote zilikuwa na sk zamani. Majirani zao wa Skandinavia wakati huo hawakulainisha: merikebu kwao ilikuwa skip, na samaki mpaka leo ni fisk. Waviking, mabaharia wa huko Skandinavia, walipovamia Uingereza kuanzia mwisho wa karne ya 8 na wengine wakalowea huko, walileta maneno yao yenye sk ngumu, na baadhi yakabaki: sky, skin, skirt. Hilo la mwisho lina utamu wake kwetu. Shirt na skirt ni neno lile lile moja la asili, vazi lililokatwa fupi. Moja limelainishwa Uingereza, jingine limeletwa na Waviking likiwa gumu. Sisi tumeyapokea yote mawili bila kujua kwamba ni ndugu: shati na sketi. Kila sare ya msichana wa skuli iliyoanikwa kambani kwako ina pacha hao wawili, kimoja kwa sh na kimoja kwa sk.

Sasa weka shati na sketi pembeni ya shule na skuli. Unaona? Ni sh na sk zile zile.

Swali linalofuata ni hili: kama Kiingereza kililainisha sk zake, mbona school haikuwa shool? Ni kisa cha chai. School ni mgeni katika Kiingereza. Liliingia na Kilatini cha kanisa, baada ya wamisionari kutoka Roma kufika Kent, kusini mwa Uingereza, mwaka 597 na makanisa kuanza kufundisha vijana kusoma. Katika Kiingereza cha kale liliandikwa scōl, kwa o ndefu. Watawa na makasisi walikuwa wanasoma Kilatini kila siku, na katika Kilatini waliliona schola na kulitamka kwa sk. Ukaribu huo na kitabu ndio uliolilinda lisilainike pamoja na maneno ya kienyeji. Hata ile h unayoiona katikati ya school haikuwapo: Chaucer, mshairi wa karne ya 14, aliandika scole. Baadaye wasomi wakairudisha h kwa kuheshimu tahajia ya Kilatini. Haitamkwi, ila ipo, kama mhuri wa mahali neno lilipotoka.

Ujerumani mambo yalikwenda vingine. Huko nako neno lilifika kutoka Kilatini mapema, likawa scuola. Lakini Wajerumani walipokuja kulainisha sk yao, neno lilikuwa limeshazoeleka kabisa na mabadiliko yalilikuta ndani ya nyumba. Likapelekwa na mkondo pamoja na mengine: skif likawa Schiff, fisk likawa Fisch, na scuola ikawa Schule. Ile sch ya Kijerumani ni sh yetu.

Irabu nazo zina kanuni yake. O ndefu ya kale ya lugha hizi, kwa Kijerumani imekuwa u, na Kiingereza bado kinaiandika oo. Kigoda, ambacho wengine wetu tunakiita stuli, ni stool kwa Kiingereza, na ndugu yake wa Kijerumani ni Stuhl, kiti. Kitabu ni book na Buch. Damu ni blood na Blut. Basi school na Schule zinakaa kwenye mstari huo huo bila kusukumwa. Mimi nikiona jambo linapanga foleni namna hii ndipo moyo wangu unapotulia. Neno moja linaweza kukudanganya, lakini mstari mzima wa maneno haudanganyi kirahisi.

Turudi kwetu. Tunajuaje kwamba shule ni ya Mjerumani na si skuli iliyoharibika midomoni? Kwanza ni hiyo sh, maana katika neno hili Mwingereza hakuwa nayo ya kutupa. Pili, na hili napenda wanafunzi waliangalie kwa makini, ni irabu ya mwisho. Neno la Kiingereza likiishia konsonanti, Kiswahili hulipa irabu ili likae vizuri kinywani, na mara nyingi irabu hiyo ni i: bank ikawa benki, ticket ikawa tiketi, stool ikawa stuli, school ikawa skuli. Lakini shule inaishia e. E hiyo hatukuiongeza sisi. Tuliikuta: Schule inaishia e tayari. Herufi moja ya mwisho inatosha kumtambulisha aliyelileta.

Na historia inakubaliana na herufi. Mji wako wa Tanga ni miongoni mwa miji ya mwanzo kabisa ambako serikali ya Wajerumani ilifungua shule zake, katika miaka ya 1890, kufundisha makarani na walimu wa utawala wao. Unguja wakati huo, tangu 1890, ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Mkondo wa bahari usiofika hata kilomita 50 mahali pembamba uligawa neno moja mara mbili. Mjerumani alishindwa katika vita vya kwanza vya dunia akaondoka, na Mwingereza akatawala bara kwa zaidi ya miaka 40, lakini shule ilikuwa imeshakaa na haikuondoka. Iliondoka hela pia? Haikuondoka. Sarafu ya heller ilianza kutumika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904. Sarafu yenyewe imekufa zamani, na jina lake liko mfukoni mwako hivi sasa.

Ukienda Rwanda utasikia ishuri, na Burundi ishure. Nchi hizo nazo zilikuwa chini ya Wajerumani mpaka 1916. Malawi, iliyokuwa chini ya Waingereza, wanasema sukulu. Waganda hawakukopa: wao wana essomero, kutokana na okusoma, mahali pa kusomea, na nakiri kwamba kila nikilisikia nalionea wivu.

Sasa tuvuke mpaka Ugiriki, maana huko ndiko neno lilikogeuka maana, na ndiko mahali ninapopapenda.

Athens, karne ya 4 kabla ya Kristo. Mtoto wa kiume wa mtu mwenye uwezo alikuwa anapelekwa kusoma na mtumwa wa nyumbani aliyeitwa paidagōgos, maana yake mwongoza mtoto. Alipopelekwa paliitwa didaskaleion, mahali pa kufundishia. Kwa hiyo angalia: shule ya watoto ilikuwapo na ilikuwa na jina, na jina hilo halikuwa skholē. Skholē ilikuwa ya watu wazima. Ilikuwa muda ambao mtu huru, aliyekwisha kutoka shambani, sokoni na mahakamani, anao wa kufanya lile analolipenda mwenyewe.

Plato, mwanafalsafa wa Athens, ana maandishi ambamo mwalimu wake Sokrates analinganisha watu wa aina mbili. Mmoja ni yule aliyezoea mahakama. Huyo hana skholē kamwe, kwa sababu anaposema, maji yanachuruzika. Maji hayo ni saa. Katika mahakama za Athens kila msemaji alipimiwa muda kwa chungu chenye kitundu karibu na kitako: maji yanatiririka kwenye chungu cha chini, na yakiisha, umekwisha. Vipande vya chungu kimoja cha namna hiyo vilifukuliwa kwenye Agora, uwanja wa soko wa Athens ya kale. Kilichukua lita 6 na kidogo, na maji yake yaliisha kwa dakika 6 hivi. Piga picha unatetea shamba lako au uhai wako huku sikio moja linasikiliza maji. Mtu wa pili ni yule aliyelelewa katika kutafuta hekima. Yeye, anasema Sokrates, ana skholē siku zote. Anaongea kwa utulivu, anaweza kuacha mada moja na kushika nyingine iliyompendeza zaidi, na hajali mazungumzo yawe marefu au mafupi mradi afike kwenye kweli.

Hapo ndipo neno lilipoanza kusogea. Nafasi ikawa nafasi ya kuzungumza. Mazungumzo yakawa mhadhara. Mhadhara ukawa na wasikilizaji wake wa kila siku, nao wakaitwa skholē, kundi la mwalimu fulani. Mwisho mahali wanapokutana pakachukua jina hilo hilo. Katika Agano Jipya, Matendo ya Mitume 19:9, tunamkuta Paulo akihojiana na watu kila siku huko Efeso katika skholē ya Tirano. Hapo tayari ni mahali, pana mlango na wenyewe. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili waliweka darasa, na walichagua vizuri.

Kama hatua hizo zinaonekana za ajabu, kumbuka baraza. Baraza ni kile kiti cha saruji au cha mawe mbele ya nyumba ambapo wanaume wanakaa baada ya alasiri. Kutoka kwenye kiti likawa mazungumzo ya hapo, kisha mkutano wa wazee, kisha chombo cha kutoa uamuzi, mpaka leo tuna Baraza la Mawaziri. Hakuna aliyekaa akaamua iwe hivyo. Maana ilitembea hatua moja moja, kila hatua ikiwa jirani na iliyotangulia. Na Warumi wana kitu kinachonigusa hapa: kwao schola, pamoja na kuwa mhadhara, ilikuwa pia kiti cha mawe kilichopinda kama mwezi mchanga, watu wakae wakiongea. Nje ya malango ya Pompeii, mji wa kale wa Kirumi, viti hivyo vipo mpaka leo. Mswahili yeyote akiviona atajua bila kuambiwa kwamba ni baraza.

Aristotle, mwanafunzi wa Plato, alisema tunashughulika ili tupate nafasi. Kwa Kigiriki sentensi hiyo ina mchezo ambao tafsiri haiwezi kuubeba. Kushughulika kwao kulitajwa kwa kukanusha: askholia, hali ya kukosa skholē. Nafasi ndiyo iliyokuwa na jina, na kazi ikapewa jina la upungufu wake. Warumi nao vivyo hivyo: nafasi ni otium, biashara na shughuli ni negotium, yaani si-nafasi. Ukisikia Mwingereza anasema negotiate, kujadiliana bei, ndani yake kuna Mrumi anayelalamika kwamba hajapumzika.

Lakini binti yako aelezwe na upande wa pili. Nafasi hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Ilikuwapo kwa sababu watumwa walilima, wanawake walisuka na kupika, na yule paidagōgos alibeba vitu vya mtoto mpaka mlangoni kwa mwalimu. Neno zuri, ndiyo, na gharama yake ililipwa na watu ambao wao wenyewe hawakuwa na skholē. Kwangu mimi kulijua neno ni kuyajua yote mawili.

Roma ililichukua neno kwa heshima, kama wasomi wetu wanavyochukua maneno ya Kiarabu wakitaka jambo liwe zito. Mwaka 45 kabla ya Kristo mwandishi Cicero aliandika mazungumzo ya siku 5 katika vitabu 5, akayaita scholae, akiongeza "kama wanavyosema Wagiriki", dalili kwamba bado lilikuwa na harufu ya ugenini. Shule ya kawaida ya watoto wa Kirumi iliitwa ludus, neno ambalo pia ni mchezo. Wagiriki wanaita nafasi, Warumi wanaita mchezo! Polepole schola ikazoeleka, na karne moja baada ya Cicero tunamkuta mwanafalsafa Seneca akinung'unika katika barua kwamba hatujifunzi kwa ajili ya maisha, tunajifunza kwa ajili ya schola. Manung'uniko hayo yangeweza kuandikwa jana na mzazi yeyote anayeona mwanawe anakariri majibu ya mtihani.

Kutoka Kilatini neno likamwagika Ulaya nzima. Waitalia wana scuola, Wahispania escuela, Waswidi skola. Wafaransa wana école: waliongeza e mbele, kisha s ikawafia mdomoni. Ni lile lile.

Uliuliza tunajuaje ya kale. Nimekuonyesha yanayosomeka. Nikupeleke hatua moja zaidi, mahali pasipo na maandishi, kwa sababu naona binti yako ana kichwa cha kufika huko.

Skholē yenyewe imetoka kwenye kitenzi cha kushika. Kigiriki ékhō ni nashika, nina. Nafasi ni kujishika usiendelee na kazi, kusimama kidogo. Sisi tunasema nimeshikwa na kazi, kazi ndiyo inayotushika. Wao walishika kazi wakaisimamisha.

Lakini ékhō na skholē zinafananaje? Moja haina s kabisa. Hapa ndipo kanuni za sauti zinapofanya kazi yake. Kigiriki, mwanzoni mwa neno, kiligeuza s ya zamani kuwa h kama inafuatwa na irabu. Saba kwa Kilatini ni septem, kwa Kigiriki heptá. Sita kwa Kilatini ni sex, kwa Kigiriki héks. Basi kama kitenzi cha kushika kilianza na s, tunatarajia hékhō. Tuna ékhō. H imekwenda wapi? Kigiriki kilikuwa na kanuni nyingine: hakikupenda pumzi nzito mbili katika silabi mbili zinazofuatana, na h ni pumzi, kh ni pumzi. Ya kwanza ikaachwa. Huu ungekuwa ubishi mtupu kama kitenzi chenyewe kisingejishuhudia. Wakati ujao wake ni héksō, nitashika. Humo kh imegongana na s na kupoteza pumzi yake, na mara tu pumzi ya pili ilipotoweka, ile h ya mwanzo ikarudi mahali pake. Nilipofundishwa jambo hili kwa mara ya kwanza sikulala upesi usiku ule. H iliyokuwa imejificha ikajitokeza pale hasa ambapo kanuni ilisema itajitokeza. Na katika skholē, irabu ya kati imedondoka, s haifuatwi na irabu, kwa hiyo haikugeuka h. Imebaki s, na ndiyo s ya skuli anayoitamka binti yako kila asubuhi.

Ukikusanya na ndugu wa mbali, Kisanskriti cha India kina sahas, nguvu ya kushinda, na Kijerumani kina Sieg, ushindi. Kwa kuwalinganisha wote tunaunda upya mzizi *segh-, kushika, kuwa na nguvu juu ya kitu. Nyota ile mbele yake ni ya uaminifu: inamwambia msomaji kwamba hakuna aliyeuona mzizi huu umeandikwa popote, tumeufikia kwa kulinganisha. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanaweka nyota hiyo hiyo wanapounda upya maneno ya mababu zetu kutokana na mtu, umuntu na omuntu.

Mzizi huo una mtoto mwingine Tanzania. Skhēma kwa Kigiriki ni jinsi kitu kilivyojishika, umbo lake. Kiingereza kikapata scheme, nasi tukapata skimu. Kwa hiyo mkulima wa mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji na mtoto wa skuli ya Lumumba wanatumia mzizi mmoja, mmoja shambani na mwingine darasani.

Limebaki neno la mama mkwe wako. Tafadhali binti asije akamsahihisha. Chuo ni neno la zamani la Kiswahili, na kabla ya kuwa mahali lilikuwa kitu: chuo ni kitabu. Mmisionari Krapf, katika kamusi yake iliyochapishwa 1882, alilikuta na maana hiyo. Chuoni ni penye kitabu. Wingi wa kawaida ni vyuo, lakini lahaja za kaskazini husema zuo, kama zinavyosema zombo kwa vyombo, na humo ndimo tulimopata mwanazuoni, mtu wa vitabuni. Madrasa ni neno jingine tena, la Kiarabu, la mzizi wa kudurusu, ndugu wa darasa.

Kwa hiyo nyumbani kwako watoto wanakwenda penye nafasi asubuhi na penye kitabu jioni. Kama binti atataka kujaribu patasi yetu mwenyewe, mpe maneno haya ya Kijerumani bila kumwambia maana: Schuh, gut, Schaf, scharf. Aweke kila moja karibu na neno la Kiingereza analolijua. Asipokwama kwenye matatu, niandikie, nitamtumia mengine magumu zaidi.